Nani ana ruhusa ya kuongeza dozi?

Tukikutana Watanzania wa huku Norwe, baada ya pilau na kabla ya siasa, hakosekani mtu wa kusema kwamba Wazungu wanakufa peke yao na sisi tunakufa tukiwa na watu. Wote huitikia. Mimi nimeacha kuitikia. Nafanya kazi ya huduma za nyumbani katika manispaa moja ya magharibi mwa nchi hii, na nyumba za wagonjwa wa saratani naziingia asubuhi hata usiku wa manane. Kwetu Hirbadaw, Tanzania, nako, mama mdogo alimuuguza baba mdogo mpaka tukamzika. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo.

Watu walikuwepo, hilo silikatai. Vijana wa jirani walikuja kumnyanyua alipotakiwa kugeuzwa, maziwa yaliletwa bila kuombwa, wanajumuiya walisali, mabinti walilala chumba cha pili. Lakini saa tisa usiku maumivu yalipopanda hadi mzee akaanza kung'ata blanketi, katika boma zima hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kufanya kilichotakiwa kufanywa. Wangekuwa mia, ingekuwa vilevile.

Dawa yenyewe ilikuwepo. Alirudi kutoka hospitali ya rufaa, nje ya mkoa wetu, na chupa ya mofini ya maji. Inanywewa kwa saa, haisubiri mgonjwa alie. Shirika la Afya Duniani lilishaliandika hilo tangu 1986: mpe kwa mdomo, mpe kwa saa, maana maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Kila baada ya saa nne, basi. Mama mdogo hakuhitaji kengele ya simu. Saa kumi na mbili asubuhi akienda kukamua, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili ng'ombe wakirudi, na saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili mzee asiamshwe saa nane. Alizishika saa hizo kuliko mimi ninayelipwa mshahara kuzishika.

Ila ugonjwa ulikua, na dozi iliyoandikwa kwenye chupa ikabaki ileile. Huu ndio mkwamo wote. Muuguzi wa zahanati alikuja, akaona, akasikitika kweli, akatoa diklofenaki. Kuandika mofini halikuwa jambo lake. Ili mililita zibadilike ilibidi mtu achukue kadi ya mgonjwa, apande bodaboda, kisha basi, akapange foleni kwa daktari, arudi. Na ilikuwa masika, barabara zetu za udongo mnazijua.

Huku, mgonjwa wa aina hiyo akiwa nyumbani, naingia nakuta sanduku dogo limefungwa. Ndani mna dawa nne za sindano: mofini kwa maumivu na kukosa pumzi, midazolamu kwa kuhangaika, haloperidoli kwa kichefuchefu, glikopironi kwa makohozi yanayokoroma kooni. Daktari ameshaandika mapema nini kitolewe, kiasi gani, na kirudiwe baada ya muda gani. Muuguzi wa zamu hamsubiri daktari aamke. Anasoma karatasi, anachoma, anaandika saa. Wengine wanafungiwa pampu ndogo inayosukuma dawa chini ya ngozi usiku na mchana. Mke wa mgonjwa ana namba moja ya simu, nasi tunaipokea.

Mke huyo huyo, tukishaondoka, anabaki na saa ya ukutani. Watoto wako Oslo. Serikali inampa ndugu anayefanya kazi siku 60 za malipo kwa ajili ya kumuuguza mtu wake anayekaribia kufa, na kitanda cha umeme kinaazimwa bure, lakini hakuna ofisi inayoazima jirani. Kwa hiyo wanaosema tuna watu hawadanganyi. Kosa lao ni kudhani watu ni badala ya dawa.

Hofu, nilizikuta zimefanana. Shemeji yake mama mdogo, mzee wa kanisa, alisema waziwazi kwamba wanamgeuza ndugu yake teja uzeeni. Mama mdogo akaanza kupunja: nusu kizibo mchana, kizima usiku, huku akiogopa pia kwamba chupa itakwisha kabla ya nauli kupatikana. Mnorwe mmoja wa makamo ya baba mdogo naye aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama hiyo sindano ndiyo itakayomuua mkewe. Swali ni lilelile. Yeye alijibiwa asubuhi iliyofuata na muuguzi wa saratani aliyekaa naye mezani: mofini ikipimwa kulingana na maumivu haiui, cha kuangalia ni mgonjwa kulala usingizi ambao haamshiki na kupumua polepole kupita kiasi. Mama mdogo alijibiwa na shemeji.

Kuna jambo jingine dogo, la aibu kulitaja mezani. Mofini inafunga choo, karibu kwa kila anayeinywa, na mwili hauzoei hilo. Huku dawa ya choo inaanza siku moja na mofini. Kwetu chupa ilikuja peke yake. Baba mdogo alifika mahali akakataa dawa kabisa, tukadhani ni ukaidi wa mzee, kumbe tumbo lilikuwa linamtesa kuliko mgongo. Mapapai yalisaidia kidogo. Vidonge vya bisakodili, ambavyo hata duka la dawa la mnadani linavyo, vingesaidia zaidi.

Wengine watasema hii ni habari ya utajiri. Kwa kitanda cha umeme, nakubali. Kwa mofini ya kunywa, sikubali. Unga wake ni wa bei nafuu na hauna mwenye hataza. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Na hapo jirani tu, Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akichanganya unga huo na maji, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika wenyewe. Uganda haina mafuta ya Norwe.

Nasi hatuanzii patupu. Hospitali ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Haydom imekuwa hospitali tangu 1955, ilijengwa na misheni ya hawa hawa Wanorwe. Nimekutana na wazee wa huku wanaoijua Haydom na hawaijui Dodoma.

Kundi letu la WhatsApp la ukoo lilichanga nauli za kwenda kuzika kwa siku moja. Hela ya bodaboda ya kufuata dozi mpya hakuna aliyeichangisha, maana hakuna aliyejua inahitajika. Kwa hiyo mliopo ughaibuni, siku mgonjwa wenu anaruhusiwa, mpigieni anayemsindikiza kabla hajatoka getini. Amwombe daktari aandike maumivu yakichomoza katikati ya saa anywe kiasi gani cha ziada, aulizie dawa ya choo, na apewe namba ya kitengo cha tiba shufaa inayopokelewa na mtu. Sisi namba hiyo tuliipata wiki za mwisho. Muuguzi alipokea usiku, akamuuliza mama mdogo anapumuaje, amekunywa saa ngapi, anaamka akiitwa. Akazungumza na daktari, akapiga tena na kiasi kipya. Tangu hapo mama mdogo hakunipigia mimi kuhusu dawa. Alimpigia yeye.