Magugu Yamekuwa Akiba

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Mimi niliiona ikioza kwa macho yangu, na sasa nawaeleza wasomaji kosa langu ili mwingine asilirudie.

Huku kwetu Kiboko, katika nchi ya Makueni, mvua ni mgeni asiyekaa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Wakati huo nilimwuza ng'ombe wangu kwa bei ya mbuzi, maana mbavu zake zilihesabika, na karo ya binti yangu ilikuwa ikidaiwa. Nikabaki na mtamba mmoja tu.

Mvua iliporejea, shamba lilijaa mchicha wa porini. Mama watoto alipalilia na kuutupa njiani. Nikawaza: mbona tunatupa leo kitu tutakacholilia mwezi wa Septemba? Basi nikachimba shimo, nikashindilia magugu yakiwa na umande wake, nikafukia. Siku nilipofukua, uvundo uliwafukuza hata kuku. Mtamba akageuza kichwa. Mke wangu hakusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Bwana mifugo akanifunulia sababu. Magugu yana maji mengi na sukari kidogo. Vijidudu vinavyochachusha malisho hula sukari. Vikiikosa, vijidudu vya uozo hutawala. Wanga wa pumba za mahindi hunyonya maji na kumpa ng'ombe nguvu, lakini vingi vya vijidudu hivyo vyema haviwezi kuula wanga wenyewe. Kwa hiyo molasi haina budi kuwamo.

Msimu uliofuata nilikata magugu kabla hayajatoa mbegu, nikayaanika nusu siku, nikayakatakata vipande vya pingili ya kidole. Mranaha niliuondoa wote, kwani sumu yake haiishi kwa kuchachushwa. Kila kilo 100 nilizichanganya na kilo 10 za pumba na kilo 3 za molasi iliyozimuliwa kwa maji. Nilifumbata konzi moja: ikashikamana, wala maji hayakudondoka. Nikashindilia katika mifuko ya plastiki, nikatoa hewa yote na kufunga imara.

Baada ya siku 40 nilifungua. Rangi ilikuwa ya kijani kilichofifia, na harufu ilikuwa kama ya uji uliochachuka vizuri. Nilimpa mtamba kidogo kidogo pamoja na nyasi kavu, naye akala mpaka akaramba karai.

Sisemi kwamba magugu ni sawa na mahindi. Lakini mtamba yule alivuka kiangazi bila kuuzwa, na binti yangu hakurudishwa nyumbani. Siku hizi mke wangu ndiye anayenikumbusha kununua molasi kabla ya mvua. Enyi wenzangu wa Ukambani, mpaliliapo, tazameni vizuri mnachokitupa njiani.