Jua la Asubuhi ya Baridi

Aghalabu watu hudhani kuwa baridi huupunguza umeme wa sola. Dhana hiyo ni potovu, kwani paneli hutegemea mwanga wa jua wala si joto lake. Waama, paneli ikimulikwa ingali baridi, volti zake hupanda kupita zile zilizoandikwa mgongoni mwake.

Mfugaji mmoja wa Kinangop aliyajua haya kwa gharama ya pesa za maziwa. Alinunua paneli tatu, kila moja ya volti 49.5 isipotumika. Fundi akaziunganisha kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, akajumlisha: 148.5. Kidhibiti cha kuchajia betri kilistahimili volti 150, hivyo hesabu ikamridhisha. Asubuhi moja ya Januari, jua lilipochomoza katika anga isiyo na wingu, kidhibiti kiliungua. Majirani walisingizia radi, ilhali mvua haikuwa imenyesha.

Kibandiko cha paneli hakikudanganya. Kilitaja volti za digrii 25 za sentigredi, kiwango ambacho viwanda hupimia. Chini yake, kwa herufi ndogo za lugha ya kigeni, palikuwa na asilimia 0.28 kwa kila digrii, ikitanguliwa na alama ya kutoa. Alama hiyo husema kwamba joto likipanda volti hushuka. Basi joto likishuka, volti hupanda. Paneli yenye digrii 5 imepungukiwa na digrii 20. Nyongeza ni asilimia 5.6, na zile 148.5 huwa takriban 157. Kidhibiti huweza kukataa mkondo kisiouhitaji, lakini hakiwezi kuzikataa volti zinazokifikia.

Isitoshe, Januari yaweza kuwa hatari kuliko Julai. Julai ukungu huufifisha mwanga. Januari, usiku usio na mawingu huacha joto la paneli lipotelee angani, kisha jua huzimulika zingali baridi. Volti nazo hufika kilele kidhibiti kisipovuta umeme, yaani kabla hakijaanza kazi au betri inapojaa.

Dawa yake ni hesabu. Paneli mbili kwa mfuatano zingetoa 99, na takriban 105 katika digrii 5. Mwenye tatu huongeza ya nne ili apate jozi mbili za kuunganishwa sambamba, ambako mkondo hujumlishwa bali volti hazijumlishwi; ama hununua kidhibiti cha volti 250. Jozi zikifika tatu au zaidi, kila moja huwekewa fyuzi yake. Hata hivyo, mfuatano usiwe mfupi mno, kwani joto la mchana hushusha volti, nazo sharti zibaki juu ya zile za betri.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mfugaji huyu ilikuwa na daftari, ila lilikuwa katika lugha ambayo fundi wake hakufunzwa kuisoma. Kiswahili hakikosi maneno ya kulisema jambo hili kwa sentensi moja: hesabu volti kwa asubuhi yenye baridi kuliko zote. Sentensi hiyo ingeenea katika kibandiko kilekile.