Nachingwea hadi Ruangwa: Nilivyojifunza kukimbia taratibu mbele ya mwanangu

Mwanangu ana miaka 14, na hakuwa amewahi kuniona nimekaa chini nikiwa sijiwezi. Aliniona Julai 2025, kando ya barabara itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa, chini ya mkorosho, nimeshika kichwa kwa mikono miwili huku natapika maji.

“Baba, turudi hospitali?” aliuliza. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Nilikuwa nimekimbia kilomita 11 tu.

Tulikuwa tumekwenda Nachingwea kuwasalimia wazazi wakati wa likizo ya shule. Miezi michache kabla ya hapo, muuguzi alinipima presha akaniambia imeanza kupanda. Daktari alinikagua, akaniruhusu kukimbia. Nami kwa furaha ya kuruhusiwa nikajiandikisha mbio za kilomita 21 zilizokuwa zifanyike Dar es Salaam mwezi Oktoba. Hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kuvuka kilomita 8.

Asubuhi ya mji wa korosho

Mzazi mwenzangu, kama hujafika kusini mwezi wa saba, nikueleze kidogo. Saa 12 asubuhi Nachingwea kuna ubaridi unaotosha kuvaa sweta. Ufuta umeshavunwa, na magunia yanasubiri mnada. Mikorosho inaanza kutoa maua, na wakulima wapo shambani tangu alfajiri wakipuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Wanawahi ili unga ushike majani kukiwa bado na umande.

Pale nilijifunza jambo ambalo hakuna mtu wa Dar aliyeniambia: anayekimbia huku awaulize wenyeji ni mashamba gani yanapulizwa siku hiyo. Wingu la salfa likikukuta unahema, macho yanawasha na kikohozi hakikuachi.

Kaka yangu alitangulia na pikipiki, amembeba mwanangu. Tulikubaliana anisubiri kilomita ya 10 na maji.

Makosa mawili

Kosa la kwanza lilikuwa mwendo. Kwa kawaida kilomita moja naikimbia kwa dakika 6 na nusu. Asubuhi ile kwa sababu ya ubaridi, na watoto waliokuwa wananishangilia barabarani, nikakimbia kilomita ya kwanza kwa dakika 5 na nusu. Nikajiona kijana. Mwili ukiwa mpya haukuambii kuwa unakopa. Deni linadaiwa baadaye, na mimi nilidaiwa kilomita ya 9, miguu ilipokuwa mizito kama nimevaa viatu vya matope.

Kosa la pili lilikuwa maji. Nilitoka nyumbani na kikombe kimoja cha chai ya rangi. Njiani sikunywa chochote. Nilipomfikia kaka nikachukua chupa ya lita moja nikaimaliza papo hapo, kisha nikaendelea kukimbia. Tumbo likawa linacheza kama dumu lililojaa nusu. Kilomita moja mbele yakatoka yote.

Bibi mmoja alitoka uani kwake akanijia na kikombe.

“Shikamoo bibi,” nilisema kwa shida.

“Marahaba mjukuu wangu. Kunywa kidogo kidogo. Ulikuwa unamkimbia nani?”

Mwanangu alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Somo la karanga

Jioni kaka alimsimulia kijana habari ya Mpango wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga Tanganyika kwa maeneo makubwa mno, wakianzia Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na huku Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja hadi hapa, kabla ya kuijua vizuri ardhi na mvua zake. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilizidi pauni milioni 30. Reli nayo ilifungwa miaka ya mwanzo ya uhuru.

“Walianza kwa kasi, wakaishiwa,” kaka alisema, akanitazama. “Kama baba yako leo.”

Nilikubali. Tukachukua daftari la shule la kijana, tukapanga upya.

Tulichoandika kwenye daftari

Mwendo tuliugawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kujizuia: ukimbie taratibu kuliko unavyotamani, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kusema, punguza. Fungu la pili ni mwendo wako wa kawaida wa safari ndefu. La tatu, toa kilichobaki.

Maji tuliyapangia ratiba. Saa 2 kabla ya kuanza, vikombe viwili, ili upate muda wa kwenda haja. Njiani, mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20, ukisikiliza kiu yako. Mkojo wa manjano hafifu ni dalili nzuri. Ukiwa wa rangi ya chai, mwili una upungufu wa maji.

Tuliandika pia onyo ambalo wengi hatulijui: maji yakizidi nayo ni hatari, kwa sababu yanapunguza nguvu ya chumvi mwilini. Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Ukipungua kilo moja, umepoteza karibu lita moja ya maji, na utaifidia taratibu. Ukirudi una uzito zaidi ya ulioondoka nao, umekunywa kupita kiasi. Kichwa kikiuma sana, ukichanganyikiwa au vidole vikivimba, simama utafute msaada wa haraka. Na mwenye presha, kisukari au tatizo la figo amuulize daktari kwanza kuhusu maji na chumvi.

Kuingia Ruangwa

Jumamosi iliyofuata hatukutafuta kilomita 21. Kaka alinibeba kwa pikipiki hadi mahali palipobaki kilomita 14 kufika Ruangwa, tukipima kwa mita ya pikipiki. Nilikimbia upande wa kulia ili magari yanayokuja niyaone.

Kilomita 5 za kwanza nilitumia dakika 7 na robo kila moja. Mama mmoja mwenye kuni kichwani alinipita kwa salamu za huruma. Nilivumilia. Tano zilizofuata, dakika 7 kamili, kaka akinipa chupa ndogo kila tulipokutana. Zilipobaki kilomita 3, kijana alishuka kwenye pikipiki akakimbia pembeni yangu, tukiongea habari za Namungo, timu ya mji huu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019.

Tuliingia Ruangwa kwa saa 1 na dakika 38, jua likiwa bado la asubuhi. Tulikunywa uji, tukala ndizi na karanga za chumvi, kisha tukaenda kuutazama Uwanja wa Majaliwa. Sikuwa na kizunguzungu.

Mwezi Septemba, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo. Tuliangalia marudio kwenye simu. Baada ya kilomita 42, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua. Mita za mwisho Petros alikuwa mbele.

“Alikuwa amebakiza,” kijana alisema.

Oktoba, baada ya kuongeza umbali kidogo kidogo hadi kilomita 18, nilikimbia zile 21. Nilitumia saa 2 na dakika 31. Kijana alitaka kukimbia nami zote. Nikamkatalia, akakimbia kilomita 5 za familia, zinazotosha kabisa kwa umri wake. Alimaliza mapema, akaja kunisubiri karibu na mwisho akiwa na chupa mkononi.

“Kidogo kidogo, Baba,” aliniambia.