Mlinzi Mwongo
Gari langu ni kuukuu, na masika yaliyopita king'ora chake kilishikwa na wazimu: kililia usiku pasipo mwizi. Majirani walitoka mara ya kwanza. Mara ya nne hawakutoka. Usiku mmoja bibi jirani aliibiwa mbuzi, na yowe lake likamezwa na kelele zangu.

Asubuhi nilivua waya wa betri. King'ora kikazidi kulia, kwa kuwa kilikuwa na betri yake ndani. Fundi aling'oa mtambo mzima, akaunga upya waya wa stata uliokuwa ukipitia humo, gari likawaka. Kosa lilikuwa swichi ya boneti iliyoota kutu.

Mlinzi mwongo humwibia bwana wake masikio ya majirani. Gari sasa halina mlinzi, nami ningali na deni kwa bibi yule.