Harufu Tamu Ndani ya Pikapu

Katika miaka ya kazi yake ya umakenika Gerezani, jijini Dar es Salaam, mwandishi wa tawasifu hii alikuwa na desturi ya kumhoji dereva kabla ya kufungua boneti, akitaka kujua harufu husikika lini na wapi, jambo lililowaudhi wateja waliopenda kuona spana zikishikwa mapema. Kulanti, yaani kipozeo cha injini ambacho ni maji yaliyochanganywa na kemikali ya ethilini glaikoli na dawa za kuzuia kutu, ina harufu tamu inayoweza kusikika kabla tone halijaonekana, kwa kuwa uvujaji mdogo ukigusa chuma cha moto hugeuka mvuke na kuacha ukoko wa rangi tu.

Harufu iliyozidi nje ya gari ilimpeleka kwenye rejeta, mipira yake, au pampu ya maji, ambayo huwa na kitundu kilichowekwa makusudi ili kitoe maji sili inapochoka. Moshi mweupe wenye utamu huohuo katika ekzosi ulielekeza kwenye gasketi ya hedi, na hapo mteja alianza kuhesabu fedha zake.

Kazi iliyomfikirisha zaidi ilikuwa pikapu iliyokuwa ikishusha viazi Dar es Salaam na kurudi Njombe, ambayo dereva wake aliisikia harufu baada ya kupanda mlima wa Kitonga na kufungulia heta, huku kioo cha mbele kikifanya ukungu wenye mafuta. Mafundi waliotangulia walikuwa wamebadilisha mfuniko wa rejeta bila mafanikio. Injini ilipopoa, mfumo ulijazwa shinikizo kwa pampu ya mkono hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko. Mshale wa pampu hiyo ukashuka polepole ilhali chini ya gari palikuwa pakavu, lakini zulia la upande wa abiria lilikuwa na unyevu. Iliyotoboka ilikuwa rejeta ndogo ya heta, iliyo nyuma ya deshibodi, ambayo watu wa Pwani huisahau kwa kuwa hawahitaji joto.

Dereva alipendekeza mipira miwili ya heta iunganishwe ili kifaa hicho kirukwe, njia ya mkato ambayo mwandishi hakuilaumu kwa gari la Temeke, ila aliikataa kwa mtu anayeamka alfajiri kwenye baridi ya Njombe na kuhitaji kioo kisicho na ukungu. Deshibodi ikang'olewa, na ufundi ukagharimu zaidi kuliko kifaa.