Kutoka Chungwa hadi Kifungu cha 14

Mwaka 2005 nilipigia kura tunda. Siku ya kura ya maoni ya katiba, tarehe 21 Novemba, alama ya ndiyo ilikuwa ndizi na ya hapana chungwa. Barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuja na rasimu mkononi. Mimi mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kusoma kwa mshahara, sikuifungua hata kurasa mbili. Nilijua tu nani kasimama na ndizi na nani kasimama na chungwa, na hilo likanitosha. Chungwa likashinda kwa karibu asilimia 58. Tukashangilia, tukarudi kwenye kahawa yetu.

Na si kwamba hatukuwahi kuulizwa. Tume ya Profesa Yash Pal Ghai ilikuwa imezunguka nchi nzima ikikusanya maoni, kisha wajumbe zaidi ya 600 wakakutana katika ukumbi wa Bomas, mpaka rasimu ikapatikana Machi 2004. Marehemu baba alikwenda mbele ya tume hiyo kusema habari za ardhi ya Pwani, watu wanaozaliwa na kuzikwa juu ya shamba la mtu asiyejulikana aliko. Aliandika maneno yake kwenye karatasi ya daftari langu la shule, akayarudia usiku kucha kama mtoto anayekwenda kughani mashindanoni. Rasimu iliyotufikia 2005 haikuwa ile ya Bomas. Ilikuwa imekatwa na kushonwa upya serikalini, na baba akaikasirikia. Kwa hiyo labda yeye peke yake nyumbani kwetu ndiye aliyekuwa na haki ya kupigia chungwa.

Siku zile mwananchi wa kawaida alikuwa na jina: Wanjiku. Rais Moi ndiye aliyelitaja kwanza, kwa kutilia shaka kama Wanjiku anaelewa lolote la katiba, na watu wakalichukua wakalifanya nishani. Sisi Pwani tulitania tukiuliza, na Mwanajuma je, yeye hana maoni?

Kisha ikaja Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na kabla giza halijaingia sawasawa rais akawa ameapishwa Ikulu. Yaliyofuata yanajulikana: zaidi ya watu 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakahama makwao. Mombasa haikuungua kama Bonde la Ufa, lakini maduka yalivunjwa na watu waliotoka bara wakaanza kuangaliwa kwa jicho jingine. Mwalimu mwenzangu, mtu wa bara na wa kanisani, alikuja kwangu usiku na mkewe na watoto watatu. Walikaa siku tisa. Watoto walilala sebuleni juu ya mkeka, nasi wakubwa tukakaa tukisikiliza redio kwa sauti ya chini, kama kwamba redio ndiyo inayoweza kutuponza.

Usiku mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ile katiba tuliyoikataa, ilisemaje juu ya tume ya uchaguzi?"

Sikujua. Yeye pia hakujua, na alipigia ndizi.

Tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi, wakubwa wawili waliogombania urais walitia saini mapatano, na katika ahadi zao mojawapo ikawa katiba mpya. Safari hii kazi ilipewa Kamati ya Wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga, watu tisa, watatu wao kutoka nje ya Kenya. Rasimu ya kwanza ilitoka tarehe 17 Novemba 2009, na wananchi tukapewa siku 30 kusema.

Siku hizo 30 ndizo ninazozikumbuka zaidi ya kura yenyewe. Nilipata nakala ya Kiingereza, nikawa naisoma barazani baada ya Isha na kuifasiri papo hapo. Muuza kahawa aligoma kugonga vikombe vyake mpaka tumalize sura. Wazee walibishana juu ya neno "majimbo", yaani mikoa yenye serikali zake, kwa hasira ya tangu 1963. Na kila jioni, kabla hajafunga jiko lake, alikuja mama muuza mahamri. Alikuwa na jambo moja tu. Binti yake alizaliwa Tanga kwa baba Mtanzania. Ndoa ikavunjika, mama akarudi Mombasa na mtoto mchanga. Kwa katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje alifuata uraia wa baba. Binti wakati huo alikuwa na miaka 17, amesoma hapa tangu chekechea, na kitambulisho hakuwa na njia ya kukipata.

"Mie sijui kusoma, Mwalimu," aliniambia. "Nitilie kidole pale panaposema mama."

Nikamtilia. Akaomba nirudie. Kesho yake akaja tena kuuliza kama hawajapatoa.

Tuliandika waraka wa kurasa mbili, tukautuma. Nani aliusoma sijui. Januari 2010 wabunge wakajifungia Naivasha na rasimu, na ilipotoka, cheo cha waziri mkuu kikawa hakipo, na mikoa tuliyoigombania barazani imefutwa, pamebaki kaunti 47. Wazee walinuna wiki nzima. Lakini walinuna wakijua hasa kilichoondolewa na kilikuwa ukurasa gani, jambo ambalo 2005 lisingewezekana.

Kampeni zikaja na rangi badala ya matunda, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Tunda moja halikukosekana, hata hivyo: mwanasiasa wa kijani mchana na mwekundu usiku aliitwa tikiti maji. Mwalimu mwenzangu aliyelala sebuleni kwangu alikuwa mwekundu. Kanisa lake lilipinga kifungu kinachogusa utoaji mimba, na likapinga Mahakama za Kadhi. Nilimweleza kwamba kadhi tunaye tangu kabla ya Uhuru, na kwamba katiba ya zamani pia ilimtambua. Akanijibu kwamba kuwepo zamani si hoja. Tulibishana mapumziko yote ya saa nne, nakala moja katikati yetu, yeye akipigia mstari wake na mimi wangu, mpaka kurasa zile zikawa kama kitambaa. Tarehe 4 Agosti kijani ikapata karibu asilimia 67. Alinipa mkono, akaniambia nimlipie chakula.

Tarehe 27 Agosti katiba ilizinduliwa Uhuru Park. Yule binti alipata kitambulisho mwaka 2012, baada ya kwenda na kurudi ofisi moja mara nisizoweza kuhesabu. Mama yake alikuwa amelikariri jambo lile kwa nambari: kifungu cha 14.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Katiba hiyo imeandika kwamba wananchi ni lazima washiriki, na kuanzia hapo likazaliwa neno la ofisini, "ushirikishwaji wa umma". Mwalimu wa sarufi husikia tofauti. Anayeshiriki anatenda, anayeshirikishwa anatendwa. Nimehudhuria kikao kimoja ambacho tangazo lake lilitoka Jumatano, kikao Ijumaa asubuhi. Ukumbi mzima ulikuwa na nakala tatu za mswada. Kilichosimamiwa kwa makini ni karatasi ya mahudhurio. Tulitia saini, tukapewa soda na shilingi 500 za nauli, na waliowahi sala wakaondoka bila kusema neno.

Ndipo ukaja mwezi Juni 2024 na Mswada wa Fedha. Yule binti wa Tanga, sasa mama wa watoto wawili, alinijia na simu. Mswada wote ulikuwa humo, umepakwa rangi ya manjano mahali pengi, na vijana wenzake walikuwa wameufasiri kwa lugha za nyumbani. Swali lake lilikuwa juu ya mkate, ambao ulikuwa utozwe kodi ya ongezeko la thamani. Mama yake amekaa kando, akisomewa. Wiki hiyo kodi ya mkate iliondolewa. Tarehe 25 vijana walioandamana kuupinga mswada mzima wakaingia Bungeni na wengine wakauawa kwa risasi. Kesho yake rais akakataa kutia saini mswada. Hakuna aliyewapa vijana wale soda wala nauli.

Tangazo jingine limebandikwa msikitini kwetu juzi, kikao ni wiki ijayo. Nimekwisha kuomba nakala ya mswada, sijapewa. Ukiliona tangazo kama hilo mtaani kwako, ewe msomaji, kaombe nakala leo, na usitie saini karatasi ya mahudhurio kabla hujaishika nakala yenyewe.