Mwito na Neno

Wahenga wametuusia kwamba mtu asikatae mwito, bali akatae neno. Ni wasia wa adabu njema. Aitwaye huitika, huenda, huketi, husikiliza. Na kama aliloitiwa halimfai, huaga kwa upole akarudi kwake. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii na kuisifu hekima yake, wala sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeigeuza kuwa dini yangu.

Miaka michache iliyopita mchungaji wetu alinijia baada ya ibada akaniambia, "Mwalimu, tunao wazee saba hapa wasiojua kusoma, nao watamani kujisomea Zaburi kabla ya kufa. Mungu amekupa elimu, tusaidie." Niliitika papo hapo. Moyo ulinishtuka, maana niliona wazi kwamba aliyeniita hakuwa mchungaji peke yake. Nikaahidi kuanza baada ya kusahihisha mitihani. Mitihani ikaisha, ikaja mikutano. Mikutano ikaisha, ikaja makala iliyotakiwa upesi. Kila Jumapili niliwaamkia wazee wale, nao walinijibu, "Marahaba, Mwalimu," bila kunidai kitu.

Nilipoanza, mwaka mzima ulikuwa umepita. Wazee waliokuja walikuwa wanne. Mmoja, aliyekuwa na hamu kuliko wote, alishika kitabu akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, kisha akakifunga taratibu. Maradhi ya macho yalikuwa yamemfikia kabla ya mwalimu wake. Hakunilaumu. Alisema, "Basi soma wewe, mwanangu, mimi nitasikiliza."

Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 21, Yesu asimulia habari za wana wawili walioagizwa na baba yao kwenda kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Mwingine aliitika kwa heshima, asiende. Zamani nilimdharau huyu aliyeitika. Siku ile nilimtambua kuwa ni mimi. Yeye hakukosa adabu. Aliitika mwito, akakataa neno.

Mezani kwangu pana kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, iliyopigwa chapa mwaka 1882. Niliiona kuwa ni chombo cha kazi tu. Sasa naiona kuwa ni ushahidi. Mjerumani huyo alitamani kuwapelekea Waoromo Injili. Alipozuiwa njia ya Uhabeshi, alifika Mombasa mwaka 1844 akitumaini kuwafikia kwa upande wa kusini. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe, Rosine, alikufa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kama angalirudi kwao, nani angalimlaumu? Alibaki, akaendelea kukusanya neno baada ya neno kutoka vinywani mwa watu wa pwani. Ugonjwa ulimwondoa mwaka 1853, waliobatizwa wakiwa wachache mno, naye akafa mwaka 1881 kabla kamusi haijatoka. Utii wake haukumpa alichokitaka. Umenipa mimi chombo ninachokitumia kila siku.

Hapo ndipo nilipoona mpaka wa methali yetu. Mwito wa binadamu na neno lake ni vitu viwili, nasi tuna haki ya kupokea kimoja na kukataa cha pili. Mwito wa Mungu na neno lake ni kitu kimoja. Alikataaye neno hakuitika kamwe, hata kama kinywa chake kilitamka ndiyo. Ni haki kupima kama mwito watoka kwa Mungu kweli, maana hata Samweli alihitaji Eli amfahamishe sauti ile. Lakini mimi sikuwa na shaka hiyo. Nilikuwa na shughuli tu, na shughuli ni kukataa kusikokuwa na sauti.

Leo wazee watatu wajisomea wenyewe, kidole kikifuata mstari. Wa nne huketi karibu nami kila Jumamosi, nami humsomea mpaka aseme yatosha. Mungu hunisamehe, nami naamini hivyo. Lakini msamaha haukuyarudisha macho ya mzee. Kwa hiyo sasa, niitwapo, huondoka kwanza, nikaitika njiani.